Vilango vya Mbao Mbele ya Kioo

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa daftari kama mtoto wa darasa la kwanza. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kiranja, kalitoa kwenye mkoba na kunikabidhi mbele ya watu. "Mzee, kila neno atakalosema mkeo, liandike humu. Na tarehe." Nikamwambia mimi ni seremala, mwaka wa arobaini na mbili huu, naandika vipimo tu. Akasema, "Basi chukulia ni vipimo." Ebo! Watu wa siku hizi wana majibu.

Haya, naandika. Mke wangu alipata kiharusi wiki tatu zilizopita. Mkono na mguu wa kulia havimtii, mdomo umevutika upande huohuo, na maneno yamemkimbia. Yeye! Fundi cherehani aliyekuwa akigombana na wateja huku kabana pini sita mdomoni na hakuna hata moja inayodondoka! Tangu tuoane ananiita Fundi, nami namwita Fundi, na wageni wakija hawajui nani anaitwa.

Leo amesema neno moja. "Hapana." Nilikuwa nampa uji.

Jumanne, 5 Machi

"Hapana" mara nne. Mvua imeanza.

Alhamisi, 7 Machi

Lazima niandike habari ya kioo, maana imenikaa rohoni.

Chumba cha mbele ndicho chumba chake cha kazi. Kuna cherehani, kuna meza yake ya kukatia nguo, na kuna kioo cha kujitazamia kinachonipita mimi kimo. Fremu yake niliichonga mwenyewe mwaka alioanza kupokea wateja, majani ya mtambaa, ule mmea wa kutambaa ukutani, pande zote nne. Siku tulipomtoa hospitali tulimpitisha hapo kwenye kiti chake cha magurudumu, mimi nikisukuma. Akajiona. Machozi yakamtoka bila sauti. Nikavuta shuka la kitandani, nikalitupa juu ya kioo, na mpaka leo liko hapo.

Sasa leo huyu mtaalamu, ambaye nimempa jina Bibi Rudia kwa sababu hajui neno jingine ila "rudia", kaja na jipya. Eti mgonjwa akae mbele ya kioo robo saa kila siku, ajaze mashavu hewa, atanue midomo, auone mdomo wake unavyokwenda. "Bila kioo, mzee, ni kama kushona gizani."

Nikamwambia kioo hakipo. Nilisema hivyo huku kioo chenyewe kiko nyuma ya mgongo wake chini ya shuka la maua. Akaniangalia. Na aniangalie! Mwenye uchungu ni mimi. Huyo anakwenda nyumba nane kwa siku, anarudi kwake kulala. Mimi ndiye niliyeyaona yale machozi.

Na dada yangu mkubwa, aliyehamia hapa na mabegi matatu eti kunisaidia, akadakia kwa sauti ya kuita kuku, "Mwanamke alivyokuwa mzuri vile, leo akajitazame? Bora kufa."

"Dada, anasikia!"

"Hasikii huyu, maskini."

Mke wangu alikuwa ameketi hatua mbili kutoka hapo, anamtazama usoni. Damu ilinichemka. Kumzungumza mtu mbele yake kama vile ni kabati! Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, maana ningebaki ndani ningesema lisilosemeka kwa dada.

Jumamosi, 9 Machi

Upepo umeliangusha shuka. Nimekimbia kutoka jikoni nikiwa na mwiko mkononi. Sijui kama aliona.

Nimeamua. Shuka juu ya kioo ni aibu kwa nyumba yenye seremala. Nitatengeneza vilango viwili vya mbao, vyenye bawaba na komeo, vifunge mbele ya kioo kama madirisha. Nitavichonga majani yaleyale ya fremu, ili mtu akiingia aone ni kabati zuri tu, apite zake. Hakuna atakayejua kuna kioo, na Fundi wangu hatalia tena.

Binti yetu wa mwisho, ambaye ni mwalimu wa shule ya bweni na hurudi Jumamosi kuondoka Jumapili, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, umemuuliza mama?"

"Nimuulize nini, na kila kitu anajibu hapana?"

Akanipa mgongo, akaenda jikoni. Anageuka kama mama yake, unajikuta umetukanwa.

Jumapili, 10 Machi

Maneno mapya mawili! "Chai." Na "bado." Nimeyaandika kwa wino mwekundu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimenunua mbao. Muuza mbao kaapa kwa jina la mama yake kwamba ni kavu. "Kavu kama biskuti, mzee wangu, zimekaa stoo mwaka mzima." Nilizigonga, nilizinusa, zilikuwa nzito kidogo. Lakini nina haraka.

Jumanne, 12 Machi

Bibi Rudia kaleta kioo cha mkono! Kidogo, cha plastiki, cha rangi ya waridi. "Kama kikubwa hakipo, mzee, anzieni na hiki." Hivi huyu mama ana moyo au ana saa ya ukutani? Alipoondoka nilikitia kwenye droo ya cherehani, chini kabisa, chini ya vipande vya vitambaa.

"Hapana." Mke wangu aliniambia mimi. Nikamfunika miguu, nikidhani anasikia baridi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepasua, nimepiga randa. Mvua.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Gundi haikauki.

Jumapili, 17 Machi

"Dirisha." "Sitaki." "Wewe!" Hilo la tatu kamwambia dada, aliyekuwa anamchana nywele kwa nguvu. Nimecheka peke yangu huko uani.

Jumatano, 20 Machi

Mwizi! Mwongo! Mtu wa kufungwa!

Leo asubuhi nimeingia karakana, nikakuta ubao wa kwanza umepinda, wa pili umepinda, wa tatu umejikunja kama ulimi wa mtu anayetoa dharau. Mbao mbichi! Nimezibeba begani moja moja, kwenye matope mpaka kwa muuza mbao, nikazitupa mlangoni pake.

"Hizi ndizo kavu?"

"Mzee wangu, ni hali ya hewa."

"Hali ya hewa imeingia ndani ya ubao ikalala humo?"

Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, hana haya wala soni! Eti, "Wewe fundi wa miaka arobaini, hukujua kwa kuushika tu?" Hapo ndipo aliponiumiza, kwa sababu nilijua. Mikono yangu ilijua tangu siku ya kwanza. Nilitaka tu imalizike upesi.

Ameniambia kwa msimu huu sitapata mbao kavu mji mzima, hata nikilia. Kila stoo inavuja. Ningoje miezi mitatu.

Miezi mitatu! Na dada kila siku anawaelekeza wageni, "Hicho kilichofunikwa ni kioo, hataki kujiona." Wageni wanaangalia shuka, kisha wanamwangalia mke wangu, kisha wanatikisa vichwa. Ningoje miezi mitatu ya vichwa kutikiswa!

Jumamosi, 23 Machi

Hakuna neno. Binti kaja. Kasema mama ana rangi nzuri.

Jumapili, 24 Machi

"Saa ngapi?" Maneno mawili yaliyoshikana! Na "njoo." Nimegundua kwamba maneno mengi huja Jumapili. Pengine ni supu anayopika binti. Nimemwambia dada ajifunze ile supu. Kanuna.

Jumanne, 26 Machi

Ndani ya nyumba hii mna mbao kavu. Nilikuwa nazipita kila siku.

Meza ya kukatia nguo. Niliitengeneza mwenyewe miaka ishirini na saba iliyopita kwa mtiki wa zamani, mbao nene, pana, ambazo leo huzipati kwa dawa. Haijapinda hata unywele. Ukingoni kuna alama za inchi nilizozichora kwa chuma cha moto, moja hadi sitini, ili asihangaike na futi kamba. Ukubwa unatosha vilango viwili na kubaki.

Nimekaa nayo siku nzima. Nimemuuliza dada, akasema, "Ataikatia nini tena, mdogo wangu? Mkono huo?" Nilimkasirikia kwa kusema, lakini mkono wa mkasi ni wa kulia.

Jumatano, 27 Machi

Nimeipasua.

Niliitoa nje mke wangu alipokuwa amelala kidogo baada ya chakula cha mchana. Nilianza na msumeno wa mkono ili nisimwamshe. Nilipofika nusu ya ubao wa kwanza nikasikia sauti kutoka ndani. Haikuwa neno. Ilikuwa ndefu, ya juu, sijawahi kuisikia kwake hata wakati wa kujifungua. Dada kachungulia dirishani, "Ni mvua, inamsumbua mifupa."

Nikamwambia awashe redio. Nikamaliza.

Jumamosi, 30 Machi

Vita. Binti kaingia, hajavua hata viatu, kaona nafasi tupu.

"Meza ya mama iko wapi?"

Nikamwonyesha kazi ilipofika. Vilango vyote viwili vimeshaungwa, vimenyooka kama maji kwenye beseni. Nilidhani atashangaa kwa ubora wake. Kashangaa, lakini si kwa hilo.

"Umeipasua meza ya kazi ya mtu, na mtu yupo, hai, ameketi ndani?"

"Usinipandie kichwani! Nani kalala hospitalini sakafuni siku kumi na moja? Nani anampa uji, nani anambeba? Nafanya haya yote kwa ajili yake!"

"Yeye kakutuma?"

"Hawezi kunituma, hawezi kusema!"

"Hawezi, au hamumuulizi?"

Dada akaingia kumtetea mdogo wake, nikamwambia anyamaze, akasema kumbe shukrani yangu ndiyo hiyo, basi tukawa watatu tunapiga kelele sebuleni huku mvua nayo inapiga bati. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kiti chake katikati yetu. Hakuna aliyemtazama. Naandika hili kwa sababu nimelikumbuka sasa tu.

Mtoto niliyemsomesha! Kunisimamia mlangoni kwangu na kuniuliza nani kanituma!

Jumapili, 31 Machi

Binti hajanisemesha. Alikaa na mama yake chumbani asubuhi nzima, mlango umefungwa. Nilisikia wanacheka. Wote wawili. Wana nini cha kuchekea?

"Nani?" "Kesho." "Sitaki supu."

Jumatano, 3 Aprili

Nachonga. Majani ya mtambaa, sawasawa na ya fremu. Patasi inakwenda kwenye mtiki ule kama kwenye sabuni. Upande wa ndani sijapiga randa sana, alama za inchi bado zipo, lakini ndani nani ataona?

Mke wangu hasemi. Nikimlisha anatazama ukuta.

Jumamosi, 6 Aprili

Nachonga. Mvua. Hakuna neno kwangu. Kwa binti, mengi. Nayasikia kupitia ukuta, na ya kupitia ukuta sijui kama yanaandikwa.

Jumanne, 9 Aprili

Vanishi haikauki. Bibi Rudia kasema ananiona nimechoka. Nani kamuuliza?

Jumamosi, 13 Aprili

Vimefungwa! Bawaba sita za shaba, tatu kila upande. Komeo nimeliweka juu kabisa, usawa wa kichwa changu, mtu asije akavifungua kwa bahati mbaya. Nilipoviunganisha katikati, majani ya kilango cha kushoto yakakutana na ya kulia, hapakuonekana hata mpasuko. Nimefanya kazi nyingi maishani, na hii inazipita zote. Nasema bila kujisifu, au basi, nasema kwa kujisifu, kwani nani mwingine atanisifu?

Majirani wamekuja kuona. Mmoja kasema akiwa na kabati kama hilo hatoki nyumbani. Dada alikuwa anapokea sifa kama vile yeye ndiye aliyeshika patasi.

Nikamsukuma mke wangu mpaka mbele yake. Nikasimama kushoto kwake, ninaposimama siku zote. "Fundi, unaonaje?"

Alivitazama muda mrefu. Kisha akasema, polepole, kila mtu akasikia:

"Meza yangu."

Nikamwambia nitamtengenezea nyingine, nzuri zaidi.

"Kavu?" akasema.

Jirani mmoja alicheka, akajizuia. Nimepandwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani. Wiki tano nimefanya kazi kwenye unyevu, mgongo unaniua, na ninachopata ni swali moja.

Jumanne, 16 Aprili

Bibi Rudia kaingia, katazama vilango, katazama fremu inayoonekana pembeni. Si mjinga yule.

"Kumbe kioo kipo."

"Kipo."

"Kilikuwepo siku zote?"

"Kilikuwepo, na hakikuhusu! Ulitaka nimwangalie mke wangu akilia robo saa kila siku ili wewe ujaze fomu?"

Nilitegemea atapandisha sauti, tugombane vizuri, aende. Hakupandisha. Akasema, "Mzee, miezi ya mwanzo ndipo uso unapojifunza. Wiki sita umemwondolea. Mimi siwezi kumrudishia, wala wewe huwezi." Kisha akapiga magoti mbele ya mke wangu, akamshika mashavu, akaanza naye mazoezi bila kioo, yeye mwenyewe akiwa ndicho kioo.

Nilimwambia asirudi tena kwangu. Kaniambia atarudi Jumanne ijayo saa nne.

Sijawahi kudharauliwa hivi ndani ya nyumba yangu.

Jumatatu, 22 Aprili

Dada ameondoka. Mke wangu kamwambia jana, mbele ya sahani ya wali, "Wifi, nenda." Dada kaniangalia nimtetee. Nilikuwa nimejaza mdomo chakula. Kaondoka na mabegi matatu na chujio langu la chai.

Mvua imezidi. Hata mtiki umevimba kidogo, komeo linakaza. Vizuri, lisifunguke.

Alhamisi, 25 Aprili

Hakuna neno. Mvua.

Jumamosi, 27 Aprili

Nilikuwa uani naziba paa la karakana. Nikasikia ko! ko! ko! ndani ya nyumba. Nikadhani mtu anabisha hodi. Ko! ko! Nikashuka ngazini mbio.

Mke wangu alikuwa mbele ya vilango, kwenye kiti chake. Mkono wa kushoto umeshika fimbo ya kujifunzia kutembea, na anaiinua juu, anapiga komeo langu. Alikuwa amekosea mara nyingi. Jani moja limebanduka, mawili yamepasuka, vanishi imechubuka. Binti amesimama pembeni, mikono kaikunja kifuani, hamsaidii wala hamzuii.

"Unafanya nini! Kazi ya wiki tano hii! Unaivunja!"

Akapiga tena. Ko!

"Mwambie mama yako aache!"

"Mwambie mwenyewe, baba. Yuko hapo."

Nikaishika fimbo. Akaivuta. Sikujua kwamba mkono ule wa kushoto umepata nguvu namna ile. Tukawa tunavutana fimbo, watu wazima wawili, ndani ya nyumba yao wenyewe. Mwisho nikaiachia kwa sababu niliogopa ataanguka.

"Fungua," akasema.

"Fundi, hutaki kuona. Nisikilize mimi. Nakuonea huruma, ndiyo maana nimefanya hivi."

"Najua uso wangu."

Sikuelewa. Binti akaenda kwenye cherehani, akavuta droo, akatoa kile kioo cha plastiki. Hakikuwa chini ya vitambaa. Kilikuwa juu, kimefutwa, kinang'aa.

"Anajitazama kila Jumamosi na Jumapili, baba. Tangu wiki kilipoletwa. Tunafanya mazoezi yote. Mwanzoni alinionyesha droo yeye mwenyewe, mimi nikakishika kioo, akanionyesha usoni kwa kidole, hapa, na hapa."

Maneno ya Jumapili. Nimerudi sasa kuyasoma, yako humu yote, kwa wino mwekundu. Na mimi nikaisifu supu.

Nilikuwa bado na hasira, siwezi kusema uongo kwenye daftari. Hasira ya mtu aliyefanywa mjinga kwake. Nikasema, na nilipiga kelele, "Basi siku ile ulilia nini? Nilikuona kwa macho yangu! Ulijiona, ukalia!"

Maneno yalikuja moja moja, na kati ya moja na jingine nilisikia maji yakidondoka kwenye ndoo.

"Sikujiona mimi. Nilikuona wewe. Nyuma yangu." Akapumzika. "Uligeuza uso."

Binti akatazama sakafu.

Nilitaka kukataa. Nilifungua mdomo kabisa nikatae. Nilikuwa nasukuma kiti, kioo kilituchukua wote wawili, na nilipouona ule mdomo ulioning'inia nikageukia ukutani. Ndiyo. Niligeuka. Na tangu siku ile ninakaa kushoto kwake. Namlisha kutoka kushoto, nalala kushoto, namsemesha nikiwa kushoto, upande uliobaki kama zamani. Nilidhani ni kwa sababu sikio lake la upande ule ni zuri. Miezi miwili na zaidi nimemkasirikia dada, nimemkasirikia muuza mbao, Bibi Rudia, mwanangu, mvua. Na kazi yote ile, majani yote yale, nilikuwa namfunikia nani?

Nikaenda kufungua. Komeo halikutoka. Nimelipiga kwa kiganja, halikutoka, mbao zimevimba zikaliuma. Nikaleta patasi na nyundo, nikaling'oa, na kipande cha majani yangu kikaondoka nalo. Vilango vikafunguka kwa mlio.

Upande wa ndani alama za inchi ziko vilevile, moja hadi thelathini kilango hiki, thelathini na moja hadi sitini kile. Akasogea, akaweka kidole kwenye kumi na tisa, akakipitisha taratibu mpaka ishirini na nne, kama anapima kiuno cha mtu.

Nikachukua bisibisi. "Navitoa sasa hivi. Navichoma."

"Usiguse. Ni meza yangu." Akaviegemeza vyote viwili ukutani kwa ncha ya fimbo, huku na huku, mpaka kioo kikabaki wazi chote. "Vikae hivyohivyo. Nivione."

"Fundi, nisamehe."

Hajanisamehe, na ninaandika hivyo ili nisije nikajidanganya baadaye. Alisema, "Kaa."

Nikavuta kigoda, nikakiweka.

"Huku, baba," binti akasema, akakiokota na kukihamishia kulia.

Nikakaa kulia. Nikamtazama pale kwenye kioo. Jicho limeshuka kidogo, shavu limelegea, pembe ya mdomo imeshuka, lakini si kama siku ile, imepanda, na mimi sikuwepo ilipokuwa inapanda. Ni uso wake. Nilimtazama mpaka nikaona aibu, kisha nikaendelea kumtazama.

Yeye hakuwa anajitazama. Alikuwa ananikagua mimi, juu mpaka chini, kwa jicho lile analomkagulia mteja aliyeleta kitambaa kibovu.

"Na wewe," akasema, "umejiona?"

Sikuwa nimejiona. Tangu nitupe shuka lile nimekuwa nanyoa ndevu kwa kupapasa. Pale kwenye kioo palikuwa na mzee mmoja, nywele zimejaa vumbi la mbao, shati limefungwa vifungo kombo, macho mekundu, na ndita mbili katikati ya nyusi ambazo sikuwa nazo mwezi wa pili. Na mdomo! Mdomo umeshuka pande zote mbili, kulia na kushoto, umekaza. Na mimi sikupata kiharusi.

"Loo," nikasema.

Binti alikuwa tayari ameangalia saa, robo saa ya mazoezi. Mke wangu akanigusa goti kwa fimbo.

"Anza wewe."

Nikajaza mashavu hewa, nikaanza.